Nyumba Iliyoachwa Mikononi mwa Watumishi

Dominika ya Kwanza ya Majilio, Mwaka B
Injili: Mk 13:33–37



Leo Kanisa linaanza mwaka mpya. Hakuna ngoma zinazopigwa, wala hatupeani mikono ya heri kama tufanyavyo Januari. Padre amevaa zambarau, wimbo wa Utukufu umenyamaza, na Injili inatupokea kwa agizo moja ambalo Bwana analirudia tena na tena, kwamba tukeshe. Huku kwetu Igogwe, katika miteremko ya Mlima Rungwe, Majilio hutukuta na matope miguuni. Mvua zimekwisha kufunguka, jembe halilali, na asubuhi ukungu hushuka mpaka migombani, hata mtu humsikia jirani yake kabla hajamwona. Ni wakati wa kazi na wa kungojea, maana mkulima akishaifukia mbegu hana tena amri juu yake.

Siku moja, baada ya Misa katika kigango kimoja cha mbali, mzee mmoja alinisindikiza hadi njia panda. Tulikuwa karibu kuagana aliponiuliza: “Baba Padre, wewe hufika kwetu Dominika moja katika mwezi. Je, zile Dominika tatu nyingine ni za nani?” Nilidhani ananilaumu. Nikaanza kumweleza habari za uchache wa mapadre, za wingi wa vigango, na za barabara zinazokatika wakati wa masika. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema: “Nimekuelewa, Baba. Lakini mimi sikuuliza kwa nini huji. Nimeuliza Dominika hizo ni za nani.” Akanipa mkono, akasema “Ndaga”, akarudi kwake.

Jibu nililokuwa nalo siku ile halikunitosha hata mimi mwenyewe. Nimelibeba swali lake muda mrefu, na leo naomba tulitafutie jibu pamoja. Injili ya leo itatupa mlango, na historia ya Kanisa, pamoja na historia ya milima hii yetu, itatuonyesha vyumba vya ndani.

Katika Injili, mtu mmoja anasafiri. Haifungi nyumba yake kwa kufuli, wala haikabidhi kwa wageni. Anaiacha mikononi mwa watumishi wake, kila mmoja na kazi yake, na bawabu anaamriwa akeshe. Angalieni vizuri, ndugu zangu: yule bwana hakuondoka na mamlaka yake mfukoni. Amewaachia watumishi. Kwa hiyo hakuna hata mmoja awezaye kusema, “Mimi nangojea tu.” Mpishi atapika, mchunga atachunga, na bawabu atakaa mlangoni.

Kisha Bwana anataja zamu nne za usiku, kama Warumi walivyozigawa: jioni, usiku wa manane, jogoo awikapo, na asubuhi. Mwinjili Marko hapotezi maneno. Someni sura mbili zinazofuata nanyi mtaziona zamu hizo tena. Jioni Yesu aliketi mezani na wale Kumi na Wawili. Usiku alisali Getsemani, na wanafunzi wakasinzia. Jogoo alipowika, Petro alikuwa amekwisha kumkana. Kulipokucha alipelekwa kwa Pilato, na wanafunzi wake hawakuonekana. Katika kila zamu bawabu alikutwa amelala. Basi agizo la kukesha wamepewa watu ambao Bwana anawajua kuwa ni wasinziaji. Hilo litutie moyo.

Majilio yenyewe yalizaliwa kutokana na hofu hiyo ya kusinzia. Noeli ya tarehe 25 Desemba inashuhudiwa mjini Roma tangu mwaka 336. Mwaka 380 maaskofu wa Hispania waliokutana Zaragoza waliagiza kwamba tangu 17 Desemba hadi Tokeo la Bwana, 6 Januari, yaani siku 21 mfululizo, mwamini asikosekane kanisani. Wakaongeza kwamba asijifiche nyumbani mwake, asihamie shambani, wala asikimbilie milimani. Tukisikia hivyo tunaweza kutabasamu. Kumbe visingizio vyetu vina umri wa zaidi ya miaka 1600! Karne iliyofuata, Askofu Perpetuus wa Tours, katika nchi ya Ufaransa ya leo, aliagiza mfungo kuanzia sikukuu ya Mtakatifu Martino, 11 Novemba. Baadaye, Roma ikazoea Dominika nne za Majilio, ambazo kwa desturi tunazihusisha na Papa Gregori Mkuu, aliyefariki mwaka 604. Mpangilio tulio nao sasa, wenye masomo ya miaka mitatu A, B na C, ulitokana na Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano na kalenda aliyoithibitisha Papa Paulo VI mwaka 1969.

Lakini kalenda nzuri haiwi uhai mpaka watu waishike. Na historia inatuonyesha kwamba mara nyingi watu waliishika kwa nguvu zaidi pale mwenye kuwaongoza alipokuwa hayupo.

Tuanzie Afrika yetu. Mwaka 304, katika mateso ya Kaisari Dioklesiano, ilikatazwa kukusanyika kwa ibada, na Maandiko Matakatifu yalitakiwa yatolewe yachomwe. Katika mji mdogo wa Abitina, nchi ya Tunisia ya leo, askofu aliyeitwa Fundanus alishindwa na woga akavitoa vitabu. Mchungaji alikuwa ameanguka. Je, kundi lilitawanyika? La. Waamini walikutana katika nyumba ya mmoja wao, Octavius Felix, pamoja na padre Saturninus, wakaadhimisha Siku ya Bwana. Wakakamatwa watu 49, wanaume na wanawake, wakapelekwa Karthago kuhukumiwa. Msomaji Emeritus alipoulizwa kwa nini aliwapokea watu nyumbani kwake, alijibu kwamba walikuwa ndugu zake, na kwamba wao bila Dominika hawawezi kuishi. Hakusema kwamba wanaipenda Dominika, au kwamba ni desturi yao. Alisema hawawezi.

Sasa tusogee karibu. Mwezi Februari 1879 Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadre Weupe, walifika Buganda. Ubatizo wa kwanza waliutoa tarehe 27 Machi 1880, na mwaka ule siku hiyo ilikuwa Jumamosi Takatifu. Wabatizwa wa kwanza waliingia Kanisani kwa mlango wa Pasaka. Lakini kabla ya miaka mitatu kwisha, mwezi Novemba 1882, mapadre walilazimika kuondoka kwa sababu ya hali ya hatari katika ikulu ya Kabaka Mutesa. Wakavuka ziwa, wakakaa Bukumbi, upande wa Mwanza, katika nchi yetu. Hawakurudi mpaka Julai 1885.

Fikirini hali hiyo: Kanisa la miaka mitatu halikuwa na padre, na wengi wa watu wake walikuwa bado wakatekumeni. Mapadre waliporudi walikuta nini? Walikuta Wakristo wameongezeka. Yosefu Mukasa Balikuddembe aliwafundisha vijana wa ikulu. Matias Kalemba na wenzake waliwakusanya watu huko Mityana. Walisali, walifundishana dini, na waliwatunza wagonjwa. Kila mtumishi alikuwa na kazi yake. Ndipo ilipokuja saa ya giza. Yosefu Mukasa aliuawa tarehe 15 Novemba 1885. Mwaka uliofuata, mwishoni mwa Mei, vijana wa ikulu walipokuwa kifungoni bila padre, Karoli Lwanga, mlei aliyebatizwa miezi michache tu iliyopita, aliwabatiza wakatekumeni waliokuwa pamoja naye, na miongoni mwao alikuwa Kizito. Tarehe 3 Juni 1886 walichomwa moto Namugongo. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi ya Kupaa Bwana, sikukuu ya Bwana kuwaacha wanafunzi wake duniani na kuwakabidhi kazi. Papa Paulo VI aliwatangaza Watakatifu 22 wa Uganda tarehe 18 Oktoba 1964, wala hakusahau kuwataja na wale Waanglikana waliokufa kwa jina lilo hilo.

Na sasa tufike nyumbani. Hapa nitasimulia habari ambayo kwa kiasi kikubwa si ya Wakatoliki. Naisimulia kwa heshima, kwa maana ni habari ya majirani zetu, na pengine ya babu na bibi wa wengi wenu mnaonisikiliza.

Injili ilifika katika nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891, na walioileta walikuwa Wamoravian na wamisionari wa Misioni ya Berlin. Wamoravian wanne walifika wakaweka kituo Rungwe, na mmoja wao, Georg Martin, alifariki mwaka huohuo. Wale wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, walijenga vituo vyao, baadaye wakafika Manow na Mwakaleli. Sisi Wakatoliki tulichelewa. Ni mwaka 1932 tu ambapo Roma iliunda eneo la kimisioni lililopewa jina la Tukuyu, chini ya Mapadre Weupe. Eneo hilo likawa Vikarieti ya Mbeya mwaka 1949, Jimbo la Mbeya tarehe 25 Machi 1953, siku ya sikukuu ya Bwana kupashwa habari, na Jimbo Kuu tangu Desemba 2018. Basi tulipofika, tulikuta nyumba imekwisha kuwashwa taa.

Tena taa hiyo ilikuwa imepita katika upepo mkali. Wamoravian ni uzao wa wafuasi wa Jan Hus, padre wa Bohemia aliyechomwa moto tarehe 6 Julai 1415 katika Mtaguso wa Konstanz. Jumuiya yao ilianza mwaka 1457. Baada ya mwaka 1620 waliteswa na watawala waliojiita Wakatoliki, makanisa yao yakafungwa, wachungaji wakafukuzwa. Kwa miaka mia moja hivi, familia zilizobaki Moravia ziliitunza imani majumbani, kwa siri, mpaka baadhi yao walipokimbilia Saksonia na kuanzisha kijiji cha Herrnhut mwaka 1722. Hatuwezi kulisema jambo hilo bila aibu. Papa Yohane Paulo II alieleza majuto yake makubwa kwa kifo cha kikatili cha Hus mwezi Desemba 1999. Nami nikiwa padre Mkatoliki wa milima hii, nayarudia majuto hayo mbele yenu. Waliotufungulia njia huku walikuwa wajukuu wa watu waliojifunza kuitunza imani gizani, na giza lile tulilileta sisi.

Mwaka 1916 jambo hilo lilirudi kwa namna nyingine. Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vimefika mipakani mwetu. Mwishoni mwa Mei majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yaliingia kutoka kusini-magharibi, yakautwaa mji wa Neu Langenburg, ndio Tukuyu ya leo. Pasaka ya mwaka ule ilikuwa 23 Aprili, na Kupaa Bwana kuliangukia 1 Juni. Basi askari waliingia katika siku zilezile ambazo Kanisa lilikuwa likikumbuka Bwana alivyoondoka machoni pa wanafunzi wake, miaka 30 kamili baada ya Namugongo. Wamisionari wa Kijerumani walikamatwa na kuondolewa. Nyumba za misioni zikabaki tupu. Vijana wengi wa nchi hii walichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi, na baadhi yao hawakurudi. Vita vilipokaribia kwisha, mwaka 1918, yakaja mafua makali yaliyoua watu duniani kote. Majeshi ya mwisho ya Wajerumani yaliweka silaha chini huko Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, siku sita tu kabla ya Dominika ya Kwanza ya Majilio.

Wamisionari wa Kijerumani hawakuruhusiwa kurudi Tanganyika mpaka mwaka 1925. Hesabuni wenyewe, tangu 1916 hadi 1925 ni Majilio tisa, Kwaresima tisa, Pasaka tisa. Misioni ya Kiskoti, kutoka Livingstonia ng’ambo ya mpaka, ilikuja kutoa msaada, lakini wahudumu wake walikuwa wachache na eneo lilikuwa pana. Mzigo wa kila siku ulibaki mabegani mwa wazee wa kanisa, waalimu na wainjilisti wenyewe, wenyeji wa milima hii. Hao ndio waliofundisha watoto, waliozika wafu, waliopatanisha waliogombana, na waliowakusanya watu siku ya Bwana. Injili walikuwa nayo kwa Kinyakyusa. Wamisionari waliporudi, Kanisa lilikuwapo. Hawakuja kuanza upya. Walikuja kuwakuta watu ambao hawakuwa tena watoto. Na vita vya pili vilipozuka mwaka 1939, Wajerumani wakakamatwa tena, na watumishi wa nyumba wakashika tena kazi zao, safari hii kwa mazoea ya waliokwisha kuujua usiku.

Majina ya wengi wao hayakuandikwa katika vitabu. Lakini nani kati yetu angeimba leo wimbo wa Noeli katika milima hii kama wao wangesema, “Wazungu wameondoka, dini imekwisha”?

Nitaongeza mfano mmoja wa mbali, kwa sababu unagusa moja kwa moja habari ya mwaka wa Kanisa. Katika nchi ya Japani wamisionari walifukuzwa mwaka 1614, na kwa zaidi ya miaka 200 Wakristo waliobaki walijificha bila padre hata mmoja. Walikuwa na ubatizo, walikuwa na sala, na katika vijiji vyao palikuwa na mtu aliyepewa kazi ya kutunza hesabu ya siku, ili wote wajue ni lini Noeli, ni lini Kwaresima, ni lini Pasaka. Tarehe 17 Machi 1865 watu kadhaa wa kijiji cha Urakami walimwendea Padre Bernard Petitjean katika kanisa jipya la Nagasaki, wakajitambulisha. Wakamwambia kwamba wao walikuwa katika siku ya 17 ya majira ya huzuni, wakataka kujua kama naye anayashika. Fungueni kalenda ya mwaka ule: Jumatano ya Majivu ilikuwa 1 Machi. Hawakukosea hata siku moja! Karne mbili bila padre, na Kwaresima yao ilikuwa sawasawa na ya Roma.

Ndugu zangu, sasa mnaweza kuona kwa nini Kanisa linatupa mwaka wake. Mtu asiye na kitabu, asiye na padre, asiye hata na jengo, bado anaweza kuishika siku. Vita vinaweza kuchukua misioni na vyombo vyake, lakini Dominika haichukuliki. Hata Pasaka, ambayo huhama kila mwaka, imefungwa katika mwezi wa mbinguni unaoonekana na kila mtu, kwa kuwa ni Dominika inayofuata mwezi mpevu wa majira yanayoanza 21 Machi, kufuatana na uamuzi unaotoka Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325. Mkulima wa Rungwe anaweza kusimama uani pake usiku, ukungu ukifunguka, akautazama mwezi uleule.

Wako wanaosema kwamba mwaka huu wa Kanisa ulitungwa katika nchi za baridi na theluji, nao haufanani na majira yetu. Ni kweli kwamba ulitungwa mbali. Lakini tazameni jinsi ulivyozoea udongo wetu. Majilio hutukuta tukipanda. Kwaresima hutukuta ghala limepungua na mahindi mapya hayajakomaa, hivi kwamba kufunga hakuhitaji maelezo mengi, na kumgawia mwenye njaa ni sadaka kweli. Juma Kuu hutukuta katika masika, mito imejaa na udongo ni mzito. Hapo ndipo tunaposikia habari ya punje inayoanguka katika ardhi na kufa ili izae sana (Yn 12:24), nasi tunajua mbegu hufanya nini ardhini. Alfajiri ya Pasaka majirani zetu Wamoravian huenda makaburini kumngojea Mfufuka, desturi iliyoanzia Herrnhut mwaka 1732, wakati sisi tumetoka katika Mkesha, mshumaa wa Pasaka ukiwa bado unawaka. Pentekoste hufika mvua zikipungua na baridi ikianza. Kisha huja zile Dominika ndefu za Mwaka wa Kawaida, za mavazi ya kijani, wakati wa kuvuna na kuchuma kahawa, mpaka Novemba tunapowaombea marehemu wetu, na mvua zinarudi.

Wazee wa Kinyakyusa waliamini kwamba kila kijiji kina walinzi wa usiku, abamanga, watu waliokesha kwa namna ya siri ili kuwazuia wachawi wasiwadhuru waliolala. Injili imetuondolea hofu ile ya wachawi, lakini haikuiondoa kazi ya ulinzi. Tofauti ni kwamba wale walikesha wakimwogopa adui ajaye, nasi tunakesha tukimngojea Bwana ajaye. Nendeni usiku katika wodi za hospitali yetu ya Igogwe mkamtazame muuguzi wa zamu. Hapigi kelele. Anapita na taa yake kitanda hadi kitanda, anagusa paji la uso la mtoto mwenye homa, anaandika, anakwenda kwa mwingine. Daktari atakuja asubuhi. Lakini kama muuguzi angesema, “Daktari hayupo, nami nalala,” ni wangapi wasingeiona hiyo asubuhi?

Basi, Mzee wangu wa kigangoni, kama unanisikia, sasa nakujibu. Zile Dominika tatu ni za Bwana, kama ile ya nne. Naye ameziweka mikononi mwenu. Mimi nilikosa nilipokujibu kana kwamba ni zangu, eti nimeshindwa kuzifikia.

Nasema hivi si kwa sababu padre si kitu. Hatuna Misa bila padre, na njaa ya Ekaristi ni njaa ya kweli. Ole wetu mapadre tukiizoea njaa ya watu wetu! Ombeni miito, watoeni wana wenu, na padre wenu mkumbusheni akichelewa. Lakini njaa hiyo huhisiwa na aliye hai. Kigango kinachofungwa kila padre asipofika, kinaacha kusikia njaa. Ndiyo maana Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inawahimiza waamini wasiompata padre washiriki Liturujia ya Neno, au wasali katika familia au katika vikundi vya familia. Mwaka 1988 Roma ilitoa mwongozo kamili wa ibada za Dominika pasipo padre. Na maaskofu wetu wa AMECEA walipokutana Nairobi mwaka 1976, walikuwa wamekwisha kuona kwamba Kanisa la nchi zetu litasimama juu ya jumuiya ndogondogo. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga makanisa ya Kenya na Uganda wakati wa Pasaka, tuliona tena ni familia zipi zilizojua kuwasha mshumaa nyumbani na kufungua Injili.

Makatekista wapendwa, ninyi ndio mabawabu wa Injili ya leo. Posho yenu ni ndogo, njia zenu ni ndefu, na mara nyingi shukrani huja mtu akiwa amekwisha kuzikwa. Najua ipo asubuhi ya mvua ambapo katekista hupiga kengele na kukuta wamekuja bibi wawili na mtoto mmoja. Msiifute ibada hiyo! Someni masomo ya Dominika, siyo mlichochagua kwa urahisi. Watajieni watu kipindi tulicho nacho, rangi yake na maana yake. Waombeeni wagonjwa kwa majina. Wale bibi wawili na mtoto mmoja ni nyumba ya Bwana, na mtoto yule ndiye atakayewasimulia wengine mwaka 2090.

Nanyi waamini wengine, ambao mkisikia “leo padre haji” mnageuza njia kuelekea shambani au sokoni, nawaomba jambo moja tu katika Majilio haya ya juma nne. Dominika isiyo na padre, njoni. Kila mtumishi ana kazi yake. Mwenye sauti aimbe, mwenye macho asome, mwenye nguvu amsaidie mzee kupanda mlima. Bwana aliyesafiri hakusema atarudi zamu gani. Tukiwa na taa mkononi, zamu yoyote itakuwa njema.

Tuombe. Ee Bwana wa nyumba hii, uliwapa nguvu Wakristo wa Abitina, vijana wa Namugongo, na wazee wa milima hii ambao majina yao unayajua wewe peke yako. Utuamshe nasi katika mwaka huu mpya. Uwabariki makatekista wetu, uwaponye wagonjwa waliolala Igogwe usiku wa leo, utupatanishe na ndugu zetu tuliotengana nao, na ukija utukute tukikesha. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.